Msingi Tulioumwaga Kwenye Maji

Kibaoni, Ifakara
Jumatano mchana

Skola mwanangu,

Salamu utazipata kesho asubuhi stendi, kwa mdomo, pamoja na machozi ambayo nimeahidi kutoyatoa na ambayo baba yako ameahidi kunicheka nikiyatoa. Kwa hiyo hapa naziruka. Naruka pia habari za chandarua, za kuchemsha maji na za kupanga chumba chenye mlango imara, kwa sababu mama yako mdogo amekuhubiria hayo tangu Jumapili na mimi sina la kuongeza. Wewe umekwenda sokoni kutafuta begi, baba yako yuko mashineni anakoboa mpunga wa safari yako, na mimi nimebaki mezani na daftari. Nina kama saa mbili kabla hamjarudi, na nina jambo moja tu.

Ni lile ulilolisema Jumapili tukila.

Baba yako alikuuliza injinia wa halmashauri anafanya nini hasa, maana yeye anadhani utakuwa unajenga kwa mikono. Ukamweleza vizuri, kwa subira, mpaka nikajisikia fahari. Kisha ukasema: "Mimi nikifika, baba, majengo ya serikali na mafundi wa mtaani basi. Fosi akaunti nitaipinga mpaka wanichoke. Kila kitu mkandarasi, mwenye usajili na mashine zake." Akakuuliza kwa nini. Ukasema, "Si mliona wenyewe kazi ya Fundi Otmari?" Baba yako akatikisa kichwa, akasema kweli kabisa. Mimi nikainuka kwenda jikoni kuongeza mboga ambayo hakuna aliyeiomba.

Unachokijua wewe ni hiki. Ulikuwa kidato cha pili, kwenye ile sekondari ya kata niliyokuwa mkuu wa shule, huko barabara ya Mlimba kabla hatujahamia huku mjini. Yalijengwa madarasa mawili mapya. Mwaka huohuo ukuta wa darasa moja ukaanguka. Wakaja watu wa wilayani, ikasemekana fundi alichimba msingi mfupi. Wewe ukanywa uji wako asubuhi moja ukatangaza kwamba utasoma uinjinia ili mafundi kama Otmari wasijenge tena shule. Maneno hayo nimewasimulia wageni wangapi? Nilikuwa nayasimulia kama mtu anayeonyesha picha ya kipaimara ya mwanawe. Kila mara yalinichoma, na kila mara niliyasimulia tena.

Otmari hakufupisha ule msingi, Skola. Mimi ndiye niliyemwambia aache kuchimba.

Nitakueleza tangu mwanzo, na uniwie radhi nikieleza mambo unayoyajua kuliko mimi. Wewe umeyasoma kwenye vitabu, mimi niliyasimamia nikiwa nimevaa mabuti.

Fedha za madarasa zilikuja mwishoni mwa Januari. Mhandisi wa halmashauri wakati ule, kijana mpole, alifika na pikipiki akiwa na tope hadi magotini, akakaa ofisini kwangu. Akasema, "Mwalimu, njia ni mbili. Tunaweza kutangaza, tukapata mkandarasi, akaja na vifaa vyake na watu wake, sisi tukamsimamia kwa mkataba. Au fosi akaunti. Shule mnanunua vifaa wenyewe, mnamwita fundi wa hapahapa alete mikono, wananchi wanachangia nguvu, kamati zenu zinapokea. Halmashauri itaamua, ila nataka kusikia kwako kwanza. Mnaweza?"

Sikuchukua hata dakika. Nilisema tunaweza.

Mkandarasi nilikuwa nimeshamwona. Miaka miwili nyuma alikuja mmoja kujenga nyumba ya mwalimu, akasimamisha bango kubwa lenye jina lake, akapandisha kuta, akaondoka. Kuta zilinyeshewa masika mbili bila paa. Tukipiga simu, simu imezimwa. Bango lilidumu kuliko kazi. Kwa upande mwingine nilikuwa nimemwona Otmari. Alikuwa mtu wa Mahenge kama babu zako, mfupi, mkali kwa vibarua, na timazi yake ya kunyooshea kuta aliifunga kwenye kitambaa kama mtu anavyofunga rozari. Alikuwa amejenga kanisa la kigango chetu, na Agosti iliyotangulia alitujengea madarasa mawili kwa fosi akaunti hiyohiyo, wananchi wakichimba na kubeba mchanga huku wakiimba. Nenda leo ukayaangalie. Hayana ufa wa kuingiza unywele.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu nzuri. Hilo nalitaka ulishike, maana watu wengi wanaokosea vibaya huwa wana sababu nzuri.

Yule mhandisi alikuna kichwa. "Kwa njia yenyewe sina ugomvi, Mwalimu. Ugomvi wangu ni mwezi. Februari hii inaingia. Eneo lenu lile jipya ni mbuga tupu, udongo mweusi, ukinyeshewa unavimba na ukikauka unapasuka. Mkandarasi ana pampu ya kutolea maji na ana watu wake anaowalipa. Nyinyi watu wenu wako wapi sasa hivi?"

Nikamjibu, "Watu wangu wapo."

Hawakuwepo, na mimi nilijua. Umekulia kule, unajua mvua zikishika watu wanavyofanya. Wanafunga nyumba, wanabeba masufuria, kuku na watoto wadogo, wanahamia mashambani ng'ambo ya mto, wanaishi kwenye vibanda mpaka mpunga uvunwe. Kijiji kinabaki na wazee, wajawazito, wenye maduka na sisi wenye ofisi. Baba yako mwenyewe alikuwa huko, akifukuza ndege juu ya kichanja cha dungu. Mimi ni binti wa bonde hili, na nilimjibu mgeni wa serikali kana kwamba nimezaliwa mjini.

Kisha tukaitisha mkutano wa kijiji. Tulikaa pale ofisi ya mtendaji, watu ambao wangetosha kwenye benchi nne, tukapiga kura. Wote tuliinua mikono kwamba wananchi watachimba msingi, watasomba mchanga na mawe, watateka maji. Wazee wa miaka sabini waliinua mikono. Mama mwenye mimba ya miezi minane aliinua mkono. Tuliahidi jasho la watu ambao hawakuwa na habari, waliokuwa ndani ya maji ya mpunga hadi mapajani. Mtendaji akaandika muhtasari kwa mwandiko mzuri sana, nami nikatia saini. Nadhani kosa la namna hiyo linaweza kufanyika kwetu tu, maana ni sisi tu tunaokuwa na kijiji kizima kwenye karatasi na kijiji kitupu machoni.

Machi tulianza kuchimba. Otmari alikuwa na vibarua wawili. Nguvu za wananchi zikawa wanafunzi wa kidato cha kwanza wakibeba ndoo, jambo ambalo leo nikilikumbuka naona haya. Mchoro ulisema tuchimbe mpaka tukute udongo mgumu. Kila tulipoongeza kina, maji yalipanda. Tukayachota jioni, asubuhi yamerudi. Barabara ikakatika kwenye daraja, mhandisi akawa hawezi kufika, akawa ananipigia simu: "Mwalimu, mmefika udongo mgumu?" Nikawa namwambia tunakaribia.

Siku moja asubuhi Otmari alikuja ofisini, akavua kofia. Alikuwa na ufito wenye tope, ameuwekea alama kwa kisu.

"Mwalimu, nimepima. Ufito unazama wenyewe. Chini ya hapa bado ni uji."

"Bado kiasi gani?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja. Tusimame. Tusubiri maji yashuke, watu warudi kutoka shamba, tuchimbe kama tulivyochimba mwaka jana."

"Watu wanarudi Julai, Fundi. Mwaka wa fedha unaisha Juni. Tusipojenga, fedha zinarudi serikalini."

"Acha zirudi. Si zitakuja tena?"

Skola, alikuwa amesema neno la akili kuliko yote yaliyosemwa katika mradi ule. Mimi nikaona ananidharau. Nilikuwa nimewaambia watu wa wilayani kwamba tunaweza. Nilikuwa mwanamke pekee kati ya wakuu wa shule wa tarafa yetu, na nilijua wenzangu wangesemaje. Nikamwambia hivi, na nayaandika maneno yenyewe maana sijayasahau: "Fundi, mimi ndiye msimamizi. Wewe mkataba wako ni mikono. Kesho mwaga zege."

Na ilikuwa kweli. Mkataba wake ulikuwa wa mikono. Vifaa nilinunua mimi na kamati yangu, msimamizi mimi, anayepokea mimi na watu niliowachagua, anayempigia mhandisi simu mimi. Yeye alikuwa na mikono na mdomo, na mdomo wake haukuwa na mahali pa kuandikwa. Akavaa kofia. Kesho yake tukachota maji tangu alfajiri, yakawa yanarudi huku tunachota, tukamwaga zege humohumo. Nilisimama pale nikaona saruji ikielea juu kama utando wa maziwa. Kwenye kitabu cha saiti niliandika kwamba msingi umekaguliwa na uko sawa. Mwandiko ni wangu, na kitabu kilibaki shuleni.

Kuta alizisimamisha vizuri ajabu. Nafikiri alijaribu kufidia juu kilichoharibika chini. Juni tulikabidhi, utepe ukakatwa, nikaitwa wilayani kuwaeleza wakuu wenzangu siri ya kumaliza kabla ya muda. Nilikwenda nimevaa kile kitenge cha kijani. Nilizungumza dakika ishirini na sikutaja maji hata mara moja.

Kiangazi kilipokolea udongo ukaanza kusinyaa. Septemba ukatokea ufa kutoka pembe ya dirisha hadi sakafuni, kwenye lile darasa la mwisho. Otmari alisikia, akaja bila kuitwa. Akachukua kipande cha kioo, akakigandisha kwa saruji juu ya ufa, nusu huku na nusu huku. Akaniambia, "Kioo hiki kikipasuka, ujue ukuta unatembea. Hapo toa watoto, Mwalimu, usiningoje mimi." Baada ya siku nane kilipasuka. Nilikiona mimi wa kwanza, asubuhi, kabla ya kengele. Nilikibandua, nikakitia kwenye mfuko wa sketi, nikamtuma mtu akaite kibarua aje apige lipu.

Watoto sikuwatoa. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa karibu na sikuwa na chumba kingine. Nikajiambia wamalize mtihani kwanza.

Ukuta ulianguka Jumapili ya mvua za kwanza, tukiwa kanisani. Unakumbuka ule mshindo, padre alinyamaza katikati ya mahubiri. Hakuna aliyekuwepo darasani. Watu walisema Mungu mkubwa, nami nikasema nao.

Wale watu wa wilayani, wachunguzi watatu, walikuja baada ya wiki. Nikawakaribisha chai na maandazi. Mkubwa wao akauliza, "Msingi alichimba nani?" Nikasema Fundi Otmari. "Mchoro alipewa?" Nikasema alipewa. Yote mawili yalikuwa kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule. Wakamwita Otmari. Wakamuuliza kwa nini hakufuata mchoro. Akasimama na kofia yake mkononi, akasema maneno mawili tu: "Mwalimu anajua." Wote wakanigeukia. Unajua nilichofanya? Nilifungua faili, nikaanza kupekua kana kwamba natafuta karatasi. Nikapekua mpaka wakachoka kunitazama, wakaendelea na swali lingine.

Alizuiwa kazi zote za serikali. Hilo pekee angelivumilia. Lakini watu wa kijijini nao wakaogopa, yule aliyekuwa amempa nyumba aijenge akamnyang'anya kazi, yule aliyetaka choo akatafuta mwingine. Mwaka uliofuata akahamia Chita alikoolewa binti yake. Na wewe ukakua ukimchukia, ukasoma kwa bidii ya chuki hiyo. Sijui niseme nini juu ya hilo. Nilikuona unafaulu hesabu, nikawa nafurahi na kuona haya kwa pamoja.

Usidhani sikuwahi kumwambia mtu. Niliungama kwa padre, Kwaresima iliyofuata. Alinipa rozari tatu na akaniagiza nikarekebishe nilichokiharibu. Rozari nilisali zote siku ileile. Ile sehemu ya pili niliiacha kama mgonjwa anayekunywa sharubati akaacha kidonge.

Sasa Jumapili ukayasema yale mezani, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona miaka yote. Nilidhani uongo wangu ulimla Otmari ukaishia hapo. Kumbe umekaa ndani yako, na kesho unaupandisha basi kuupeleka kwa watu wasiotujua. Utakaa kwenye kiti, utaletewa faili la zahanati au bweni, watakuuliza wewe, injinia, tutumie njia gani, na wewe utajibu kwa kitu ambacho hakikutokea. Kuna kijiji huko kitanyimwa kujijengea kwa sababu ya mama yako.

Usiichukie fosi akaunti kwa ajili yangu, mwanangu. Wala usiipende. Ile ya Agosti na ile ya Machi ilikuwa njia moja, fundi mmoja, mkuu wa shule mmoja. Agosti watu walikuwepo na udongo ulikuwa mkavu, na mimi nilikuwa bado namwogopa Otmari kidogo, kwa hiyo nilimsikiliza. Mkandarasi naye nimekaa nikimfikiria sana tangu nistaafu. Yule wa bango alitutesa, ndiyo. Lakini mkandarasi akikuta maji kwenye shimo anaandika barua. Hata kama anaiandika ili aongezewe siku, hata kama ana tamaa zake, barua ipo, ina tarehe, na mtu wa upande wa pili lazima aijibu. Otmari hakuwa na barua. Alikuwa na ufito. Ile njia nyingine mnayoisifu nyinyi vijana, ya mtu mmoja kuchora na kujenga mwenyewe, siijui vizuri. Nikiisikia tu nauliza nani atamwambia umekosea. Utanicheka, lakini jibu ninayo haki ya kulitaka.

Shule yangu ya mwisho, kabla ya kustaafu, tulijenga maabara kwa mafundi wa kijijini. Nilimpa fundi ukurasa wake kwenye kitabu cha saiti. Akakataa, akasema mwandiko wake mbaya. Nikamwambia andika hivyohivyo. Wiki ya pili akaandika, kwa herufi kubwa zilizopinda: SARUJI IMEGANDA SIITAKI. Kamati ilimkasirikia, mwenye duka alimkasirikia, na mimi ilinibidi nijibu chini yake kwa mkono wangu. Sikuweza kumwambia mkataba wako ni mikono, maana maneno yangeonekana. Tukairudisha saruji. Nilichelewa miaka, lakini hilo nilijifunza. Kama una nafasi ya kuchagua njia, kabla ya kuuliza ipi rahisi na ipi ya haraka, uliza katika njia hii nani anaweza kusema hapana, na hapana yake itakaa wapi. Uliza pia miezi ya kazi watu wa pale wanalala wapi. Usiridhike na muhtasari. Na kama barabara imekatika hujaliona shimo, andika barabara imekatika, sijaliona shimo. Yule mhandisi mpole aliandika kwenye ripoti yake kwamba msingi uko sawa "kwa taarifa ya mkuu wa shule" na yeye akapona, ila sidhani kama analala vizuri.

Jumatatu niliwaambia naenda kumwona mwalimu mwenzangu mgonjwa. Nilipanda treni hadi Chita.

Nilimkuta Otmari nje kwa binti yake, amekaa kwenye kigoda anabangua karanga. Amezeeka, jicho moja lina ukungu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Fundi." Akainua uso akanitambua kwa sauti.

"Marahaba. Mwalimu. Karibu, kaa. Huko watu wazima?"

Tukaongea habari za mvua, za bei ya mpunga, za nani amefariki. Alikuwa anaongea nami kana kwamba tuliachana jana kwa wema. Nilishindwa kuendelea na nikaanza kulia, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akaendelea kubangua. Baadaye akasema:

"Mimi unaniomba nini? Mimi nilikuwepo. Najua kilichotokea. Hasira nilikuwa nayo, ikaniishia, maana hasira nayo inataka chakula. Wasiojua ndio wa kuwaambia."

"Nitawaambia, Fundi."

"Na yule binti yako? Nasikia amekuwa injinia."

"Ndiyo. Anaondoka Alhamisi."

"Anajua?"

Nikasema hajui. Akapuliza maganda kutoka kwenye ungo. "Basi anza na huyo. Atanisema vibaya huko aendako, na mimi sitakuwepo kujibu."

Kwa hiyo hii barua ni yeye aliyeniagiza. Nilitaka kukwambia kwa mdomo tangu jana, nikafungua mdomo mara mbili, mara zote mbili nikakuuliza kama umepiga pasi.

Limebaki moja, na hilo hata Otmari halijui, wala padre sikumwambia. Nimeandika juu huko kwamba watoto sikuwatoa. Si kweli. Nilimtoa mmoja.

Unakumbuka kwamba muhula ule nilikuhamisha kutoka Kidato cha Pili B kwenda A, kwenye jengo la zamani? Nilikwambia mbele ya darasa zima kwamba unapiga soga na Zuhura na utafeli. Ulilia siku mbili, hukunisemesha. Hukuwa unapiga soga, Skola. Ilikuwa asubuhi ile kioo kilipopasuka. Nilikuwa nacho mfukoni wakati nakufokea. Nilichukua mkoba wako kwa mkono wangu, nikakutoa, na Zuhura akasogea akakaa mahali pako, dawati la ukutani, kwa sababu palikuwa na mwanga. Alikaa pale wiki sita. Walikuwa watoto arobaini na wawili mle ndani, na kila asubuhi nilipita dirishani kwao nikawasalimu.

Huko chuoni, na huko uendako, watakwambia jenga kana kwamba mwanao atakaa humo. Ni maneno mazuri. Mimi mwanangu alikaa humo, na nilichofanya ni kumtoa peke yake. Kwa hiyo usiutegemee upendo wako ukulinde na kosa. Tegemea kitabu, fundi mbishi, na shimo uliloingia kwa miguu yako.

Jumamosi kuna mkutano wa kijiji kule. Nimemwomba mwenyekiti nafasi, amenipa, anadhani nataka kuaga rasmi. Nitakwenda na kitabu cha saiti ikiwa bado kipo shuleni. Kisipokuwepo nitakwenda na mdomo. Wanaweza kunipeleka wilayani. Wanipeleke. Baba yako nitamweleza kesho tukitoka stendi.

Mama yake Zuhura hukaa safu ya mbele, unamjua. Mpaka leo akinitumia salamu hunishukuru kwa kumlea mwanawe. Nitamwambia nikimtazama. Nimetaka tu kabla sijamfikia yeye, wewe uwe umeshajua mama yako alifanya nini, na uwe umeshaamua kama utapokea simu yangu Jumamosi jioni. Nitapiga. Usipopokea nitaelewa, na Jumapili nitapiga tena.

Ni mimi mama yako,
Mwalimu Xaveria